UZI: Kumpika mchezaji wa baleti hadi kiwango cha kulipwa tukiwa hapa hapa Mwanza

Mwalimu wa Isamilo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu ile klipu ya vijana wangu wakicheza kwenye mahafali isambae kwenye magrupu ya wazazi, PM imejaa. Swali ni lile lile: "Mwalimu, mwanangu amefika mbali, sasa nimpeleke wapi awe wa kulipwa?" Kujibu mmoja mmoja sitaweza. Nimeona nishushe uzi tujadili hadharani, na mwenye ujuzi kunizidi aongeze nyama.

Niweke mipaka kwanza. Siongelei watoto wa miaka sita wanaovaa visketi vya pinki na kupigwa picha Capripoint. Hao wacheze, wafurahi. Naongelea kijana wa miaka 14 hadi 17 mwenye miaka mitano au sita ya darasa nyuma yake. Majina yote ya hatua anayajua, mguu unapanda, anazunguka pirueti mbili tatu bila kuyumba, na mtaa mzima umeshamwambia ameiva. Huyo ndiye mgumu kumfundisha kuliko wote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kupinga apinge: kijana wa namna hii hahitaji hatua mpya, anahitaji kupunguziwa. Miaka mitatu ya mwisho ni ya kurudi kwenye plie (kukunja magoti) na tandu (kutelezesha mguu sakafuni mpaka unyooke), polepole, kila siku, na kuondoa uchafu mmoja mmoja aliouokota njiani. Mzazi akichungulia darasani akakuta binti yake, fundi wa kuruka na kuzunguka, ameshika bomba la mazoezi la ukutani dakika arobaini anapeleka mguu mbele, pembeni, nyuma, anajua hela yake inaliwa. Hailiwi. Hapo ndipo inapofanya kazi.

Agrippina Vaganova, yule mama wa Kirusi ambaye shule ya Saint Petersburg imepewa jina lake, alichapisha mfumo wake mwaka 1934 na mpaka leo nusu ya dunia inaufuata. Shule yenyewe ni ya 1738. Mtoto anaingia akiwa na miaka kama kumi na anakaa minane. Akimaliza, akawa nyota wa jukwaa kubwa, bado asubuhi anaanza na plie ile ile ya mwaka wa kwanza. Hakuna kampuni kubwa ya baleti duniani isiyoanza siku kwa darasa.

Kikundi changu cha juu kinafanya siku sita kwa wiki. Darasa la saa moja na nusu linatangulia kila kitu, ndipo waje pointi (kucheza kwa ncha za vidole) kwa wasichana, miruko kwa wavulana, kipande cha mchezaji mmoja, na kazi ya wawili wawili. Shule kubwa za nje kijana wa umri huu anafika saa 20 mpaka 30 kwa wiki. Sisi tuna shule za serikali, twisheni na daladala za Buzuruga, tunafika nusu ya hapo, likizo tunafidia.

Karibuni.

KabwelaWaIgoma

Nimekaa pale nasoma.

Mkuu, nikuulize kwa nia njema kabisa. Watu huku tunawaza bei ya sangara, wewe unatuletea habari za kusimama kwa vidole. Hii si michezo ya watoto wa vigogo? Nitajie Mwafrika aliyetoka uswahilini akala hela ya baleti.

Mwalimu wa Isamilo

Swali halali mkuu.

Jirani tu hapo Nairobi kuna Joel Kioko. Alikulia mtaa wa mabanda, akafundishwa hapo hapo Nairobi, akaenda kusoma shule ya English National Ballet, London. Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, vita ikamwacha yatima, akalelewa Marekani, akacheza Dance Theatre of Harlem, kisha kampuni ya taifa ya Uholanzi. Alifariki 2024, Mungu amrehemu. Na yule kijana wa Lagos, Anthony Madu, aliyeonekana 2020 akicheza kwenye mvua peku, leo watu wanamjua kwa jina. Safari yake ilimfikisha shule ya Elmhurst, Birmingham.

Dance Theatre of Harlem yenyewe ilianzishwa 1969 na Arthur Mitchell, mtu mweusi, akiwa amechoka kusikia swali kama lako.

KabwelaWaIgoma

Hahaha, sawa, nimekoma. Endelea kutiririka.

Mama Kulwa

Mwalimu, asante kwa uzi. Mimi nina pacha, Kulwa na Doto. Doto ndiye mchezaji, yuko kidato cha tatu. Mwalimu wake wa zamani alimvalisha viatu vya pointi mwaka juzi. Sasa kila baada ya muda mfupi ananiambia "mama, viatu vimekufa". Kwa macho yangu viatu vizima kabisa, vinang'aa. Kweli vinakufa au ananila hela?

Halafu amekazana na ile ya kuzunguka kwa mguu mmoja mara 32. Usiku najua yuko jikoni maana nasikia sufuria zikianguka. Nimwache?

Mwalimu wa Isamilo

Mama Kulwa, shikamoo. Doto hakuli hela, viatu vinakufa kweli.

Ile sehemu ngumu ya mbele haina mbao wala chuma kama watu wanavyodhani. Ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi. Chini ya wayo kuna kipande kigumu cha ngozi au kadibodi iliyoshindiliwa. Jasho na joto vinalainisha ile gundi, na huku kwetu ziwani masika ikiingia hewa yenyewe inasaidia kuua. Mchezaji wa kampuni kubwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja refu. Jozi moja ni kama dola 80 hadi 120 kabla hujalipia usafiri, kwa hiyo uchungu wako naujua.

Asivae jozi moja siku mbili mfululizo. Akivua, ajaze gazeti ndani, aviache sehemu yenye hewa, asivifungie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na taulo bichi (wote wanafanya hivyo). Ncha ikianza kulegea, matone ya supagluu kwa ndani, akiache kikauke usiku kucha, anapata siku kadhaa za ziada. Lakini kile kipande cha chini kikishapinda kirahisi mkononi, hapo hakuna dawa. Mguu unazama ndani ya kiatu, uzito wote unaangukia vidole, na kifundo kinapoteza mhimili.

Kuhusu rangi, kwa vile wengi wananiuliza PM: kiatu kinatakiwa kifanane na ngozi ili mguu uonekane mstari mmoja toka nyonga hadi ncha. Miaka yote wachezaji weusi walikuwa wanapaka vipodozi juu ya satini ya pinki. Watengeneza viatu Freed ya London pamoja na kampuni ya baleti Ballet Black walitoa kahawia na shaba mwaka 2018. Ukikosa, chemsha chai ya rangi kali, ipoe, paka kwa sponji tabaka kwa tabaka. Usikichovye kiatu, utaua gundi kabla hakijavaliwa.

Sasa hizo 32. Aliyezileta ni Pierina Legnani, Mwitaliano, kwenye jukwaa la Saint Petersburg miaka ya 1890, na tangu hapo kila binti anaona bila 32 hajawa mchezaji. Siri yake haipo kwenye mguu unaopiga hewani, ipo kwenye ule uliosimama, kwa sababu kila mzunguko ni kupanda na kushuka upya kwenye ncha. Kwangu msichana haanzi fuete (ndiyo hiyo mizunguko) za pointi mpaka aweze kupanda kwa mguu mmoja, bila viatu, mara 20 mfululizo, goti limenyooka na kisigino hakikimbilii pembeni. Mara ya kumi na nne ndipo utaona ukweli. Jikoni kwenye vigae akiwa na soksi, hapana, mkataze leo.

Kuna kipimo kingine cha nyumbani, nacho ni muhimu kuliko vyote nilivyosema. Alowanishe miguu kwenye beseni, asimame kwenye saruji kavu, miguu sambamba kama mtu wa kawaida. Atoke aangalie alama. Kisha alowanishe tena, asimame nafasi ya kwanza ya baleti, visigino vimekutana, vidole nje kadiri anavyofungua darasani. Alinganishe. Kama alama ya kwanza ina mkato mzuri upande wa ndani na ya pili imejaa yote kama chapati, huyo hafungui nyonga. Anasokota magoti na kubomoa upinde wa wayo ili miguu ionekane imefunguka.

Nina kijana mmoja alikuja kwangu akijisifu kwamba anafungua mstari mnyoofu kabisa, kisigino kwa kisigino. Nikachuchumaa nikaangalia kidole gumba: kinaelea hewani. Uzito wote uko upande wa ndani wa kisigino, goti linatazama mbele wakati mguu unatazama dirishani. Nikamrudisha hadi pale nyonga yake inaporuhusu, kidole gumba chini, kidole kidogo chini, kisigino chini, goti juu ya kidole cha pili. Pembe ikapungua sana, alivimba msimu mzima. Ila alipoanza kusukuma ardhi kwa wayo mzima, miruko ikapanda bila mimi kumfundisha mruko hata mmoja mpya.

Fizio wa Ziwani

Naomba niingilie hapo maana hawa watoto wakiharibika wanaishia kwenye kitanda changu.

Wengi wanafundishwa kwenye saruji au vigae. Saruji hairudishi chochote, mshtuko wote wa kutua unabaki mwilini. Wanaanza na maumivu ya ugoko yaliyotapakaa, wanapaka dawa ya kuchua, wanaendelea. Kanuni ya kumkumbusha mtoto: maumivu yakitapakaa, punguza miruko. Yakiwa sehemu moja ambayo unaweza kuigusa kwa ncha ya kidole kimoja, na yanauma hata ukiwa umepumzika, acha kuruka siku hiyo hiyo uje hospitali. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Na eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi inatoka safi, mzazi anasema "mbona daktari kasema mzima", mtoto anarudi kuruka.

Wanaouma nyuma ya kifundo kila wakinyoosha mguu, nao waje. Baadhi ya watu wana kifupa cha ziada pale nyuma, mtu wa kawaida anaishi nacho mpaka anazeeka bila kujua, mchezaji wa pointi kinambana kila siku.

La mwisho ni chakula, na hapa nitakuwa mkali. Binti anayefanya mazoezi saa nyingi huku anashindia chai na andazi mwili unaanza kuzima mitambo. Hedhi ikikatika miezi mitatu, usifurahie kwamba amepungua, mpeleke kwa daktari. Mifupa inapoteza uimara katika umri ule ule ambao ilitakiwa kujijenga, na sehemu ya hasara hiyo hairudi. Tuna bahati tunaishi ziwani: dagaa analiwa na mifupa yake, hiyo ni kalsiamu ya bei ya chini kuliko kidonge chochote. Sato, maharage, mayai, matembele. Ale kabla ya darasa na ale tena mapema baada ya darasa.

Na mwalimu anayepanga watoto mstari na kuwapima uzito mbele ya wenzao, mtoe mtoto wako hapo.

Mwalimu wa Isamilo

Daktari umemaliza. Kwangu mizani haipo na haitakuwepo.

Mgika wa Kisesa

Nimesoma nikasema ninyamaze, nimeshindwa.

Mimi ni mtu wa ngoma. Ukoo wetu ni Bagika toka enzi, moja ya vyama viwili pinzani vya ngoma vya Wasukuma, mwenzake ni Bagalu. Tamasha la Bulabo pale Bujora kila Juni sikosi. Ngoma ya Msukuma iko chini. Magoti yamelegea, kifua kinaongea, mguu unaongea na ardhi. Hii yenu inataka mtu ajifanye hana uzito. Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtoto aliyecheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, tangu anatambaa ukimpeleka huko si unamharibu? Atabaki hajui huku hajui kule.

Mwalimu wa Isamilo

Mzee wangu, hii ndiyo posti niliyokuwa naisubiri.

Wanafunzi wangu wawili bora walianzia kwenye bugobogobo. Mtu anayerusha jembe hewani, likazunguka, akalidaka kwenye pigo bila kuliangalia, huku kundi zima linafanya vile vile, huyo ameshafundishwa muda, nafasi na kumsikiliza mwenzake. Mtoto wa studio ya kioo anasumbuka na hayo matatu miaka. Na kulegeza magoti ndiyo plie yenyewe: mruko unatoka chini na unarudi chini. Wavulana wa ngoma wanatua bila kelele, wale wengine wanatua kama gunia la mkaa... nisiendelee.

Ugumu wao uko sehemu moja. Uzito wanauweka nyuma, kwenye visigino. Baleti inautaka uwe mbele, juu ya mto wa vidole, hata mtu akisimama tu. Mtoto wa ngoma akipanda releve (kunyanyua visigino) anaanguka nyuma. Hiyo nairekebisha kwa muda, mbali na ukuta, bila kumwambia kwamba alichofundishwa kwao ni kibaya, maana siyo kibaya. Jumamosi wakitoka kwangu wanakwenda kwenye ngoma yao na sijawahi kumzuia mtu.

Halafu nyie Bagika na Bagalu mna kitu ambacho wachezaji wangu wanakikosa: mnacheza makundi mawili kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Mtoto aliyekulia kwenye presha hiyo haogopi jopo la majaji.

Mgika wa Kisesa

Hapo kwenye kuvuta watu umenipata. Nitakuja kuangalia hao wawili wako. Ila Bagalu hawajawahi kutushinda, hilo liandikwe.

Fundi Mabatini

Mleta mada, kwenye sakafu ndiyo kwangu. Unasema saruji mbaya. Kwa hiyo nikikupigia mbao chini kama za kwenye maghorofa ya zamani inatosha?

Mwalimu wa Isamilo

Haitoshi fundi. Ukipigilia mbao moja kwa moja kwenye saruji, inabaki saruji iliyovaa nguo. Inatakiwa inese.

Tunachotaka ni hivi: chini kabisa vipande vya sponji nzito, juu yake mbao za paini zilizokauka vizuri, tabaka la kwanza linakwenda huku, la pili linakatiza juu yake kama jamvi linavyosukwa, na sehemu zinapokutana zisiwe juu ya sponji moja kwa moja, ndipo mbao ipate nafasi ya kupinda kidogo. Juu yake marine bodi matabaka mawili, maungio ya tabaka la juu yasiangukie kwenye maungio ya chini. Skrubu, siyo misumari, na vichwa vizame. Hakuna kinachofungwa kwenye saruji, sakafu yote inaelea. Mwisho vinili isiyoteleza. Tena tafadhali, usiniletee vanishi ya kung'aa.

Fundi Mabatini

Nimekuelewa. Sponji za nini, siwezi kukata matairi chakavu?

Mwalimu wa Isamilo

Tairi ni gumu mno, mtoto wa kilo 45 hatalibonyeza. Chukua zile sponji ngumu za godoro, za daraja la juu.

Fundi Mabatini

Ukumbi mita ngapi?

Mwalimu wa Isamilo

Nane kwa kumi.

Fundi Mabatini

Mita 80 za mraba. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ni karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo 27 tabaka moja, ukiweka za kukatakata sema 30. Matabaka mawili 60. Mbao nitakupigia hesabu nikiona ukumbi wenyewe, maana kumbi za huku hakuna kona iliyonyooka. Nakutumia namba PM.

Mbogi ya South B

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi nilipitia huo mfumo wa mitihani ya Royal Academy of Dance (RAD) nikiwa kijana, nikafanya usaili mara kadhaa, siku hizi nafundisha. Wacha niongeze upande wa kutoka nje maana mwalimu hajaugusa.

Kwanza umri. Shule kubwa za Uingereza zinachukua wanafunzi wa ngazi ya juu wakiwa na miaka 16, kwa hiyo maombi yanaandaliwa mtoto akiwa 15. Mzazi anayesubiri amalize kidato cha nne ndipo aanze kuuliza, mlango ushafungwa nusu. Mitihani ya RAD kutoka Intermediate Foundation hadi Advanced 2 inasaidia kwa sababu mtu wa London anaelewa mara moja mtoto amefika wapi, lakini cheti peke yake hakimuingizi mtu. Wanataka kuona mwili ukifanya kazi.

Video ndiyo usaili wa kwanza. Hapa ndipo watu wa kwetu wanajimaliza. Wanatuma onyesho la jukwaani, taa za rangi, kamera inakimbia huku na huku, muziki umewekwa upya juu. Hapana. Simu iwekwe kwenye kitu kisichotikisika, urefu wa kiuno, mwili mzima uonekane toka nywele hadi vidole bila kukatwa. Vazi la kubana la rangi moja, nywele juu. Zoezi la bomba upande wa kulia na wa kushoto. Wakishaona umetuma upande mmoja tu wanajua unaficha mwingine. Katikati ya chumba adajio (mazoezi ya polepole), pirueti, miruko midogo, miruko mikubwa. Usiunganishe vipande ndani ya zoezi moja.

Kuna shindano la Prix de Lausanne, Uswisi, toka 1973, la vijana wa miaka 15 hadi 18. Washindi wanapata ufadhili kwenye shule au kampuni wanayoichagua kati ya washirika wa shindano. Majaji hawaangalii tu kile kipande chako cha classical na kile cha kisasa, wanakaa darasani wiki nzima wakikuangalia ukirekebishwa. Nilichojifunza ni kwamba wanachunga sana mtoto akielezwa kitu leo, kesho anakuja nacho au amekisahau.

Na mambo ya karatasi msidharau: pasipoti mapema, idhini ya wazazi wote wawili, viza ya mwanafunzi ambaye bado hajafikisha miaka 18 ina maswali mengi.

Mwalimu wa Isamilo

Kaka wa South B, chukua tano. Hilo la kukumbuka marekebisho ndilo ninalotumia kuamua nani aende kikundi cha juu. Namrekebisha mtu Jumatatu, mkono wa nafasi ya pili, ule uliofunguliwa pembeni, umelegea kwenye kiwiko, basi. Sirudii. Alhamisi naangalia kiwiko. Kama kipo juu bila kukumbushwa, huyo ninaweza kufanya naye kazi hata kama mguu wake haupandi sana. Mwenye mguu wa kupanda hadi sikioni anayesahau kila Alhamisi nampenda, lakini simdanganyi mzazi wake.

Binti wa Nyegezi

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16, sijawahi kusoma baleti ila nacheza sana na watu wananiambia nina kipaji. Naweza kufika kampuni kubwa?

Mwalimu wa Isamilo

Marahaba binti. Nitakujibu kama ningemjibu mwanangu.

Baleti ya kulipwa kwa msichana anayeanza 16, njia ni nyembamba mno, nisikupe matumaini ya bure. Misty Copeland anatajwa kila siku kama aliyechelewa, na yeye alianza na 13, akafika mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre mwaka 2015, mwanamke mweusi wa kwanza pale. Kumi na tatu ndiyo inaitwa kuchelewa. Wavulana wanapewa nafasi zaidi kwa sababu ni wachache.

Lakini densi ya kisasa haijafunga mlango, na TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanachukua wenye umri wako na zaidi. Njoo darasa la wanaoanza uupate msingi. Mguu uliofundishwa unatumika popote.

Baba Masanja

Nami nina kijana, 15. Mpira hataki, Kirumba nampeleka kwa lazima. Baleti anapenda, ila mtaani wanamcheka. Akianza hiyo ya kubeba wasichana juu mgongo hautaumia?

Mwalimu wa Isamilo

Kumbeba mtu juu ya kichwa hatumwanzishi mpaka ukuaji wa kasi utulie. Kabla ya hapo anajifunza kumshika mwenzake kiunoni asimame kwenye mhimili, na hiyo nayo ni kazi. Anapiga pushapu, anaimarisha tumbo na mgongo, anajifunza kwamba nguvu ya kubeba inatoka kwenye plie ya miguu, siyo kwenye kiuno.

Wanaomcheka waleteni darasa la miruko ya wavulana wajaribu kuzunguka hewani mara mbili na kutua nafasi ya tano, miguu imekatizana. Baada ya hapo wanaomba maji.

KabwelaWaIgoma

Narudi kwenye hela. Hao wakishafika wanalipwa nini na kwa muda gani? Usije ukawa unawapeleka watoto wakazeeke njaa.

Mwalimu wa Isamilo

Mkuu, hapa siremba.

Anaanza chini kabisa, kwenye kundi la nyuma la jukwaa, wengine wanaanza hata kama wanagenzi wa kampuni ya vijana. Mshahara wa kuanzia unatosha chumba na chakula, siyo wa kujengea ghorofa Kiseke. Juu kuna wachezaji wa peke yao, yaani wa nafasi za mbele, halafu wachezaji wakuu wachache sana. Opera ya Paris inawastaafisha wachezaji wakiwa na 42, na wengi kwingineko wanaacha kabla ya hapo kwa sababu ya nyonga na vifundo.

Ndiyo maana kila mzazi namketisha chini mtoto akifika 15. Namwambia naona nini: huyu ana nafasi ya classical, huyu ya kisasa, huyu atakuwa mwalimu mzuri kuliko mimi, huyu acheze huku anasoma udaktari. Wengine wananuna, mmoja alimhamisha mtoto. Na kidato cha nne hakiguswi. Mtoto anayefeli hesabu kwa sababu ya mazoezi, mazoezi ndiyo yanapunguzwa.

Kichwa Ngumu

Naunga mkono hoja ila bado sijaelewa kwa nini wanavaa vile visketi vilivyosimama.

Mwalimu wa Isamilo

Ili miguu yote ionekane mpaka nyonga. Mchezaji hana pa kuficha, jaji hana pa kukisia.

Mama Kulwa

Mwalimu, Doto kalowanisha miguu, varanda nzima ina nyayo, Kulwa naye kajiunga. Alama ya pili imejaa. Ile ya kupanda mara 20, mguu wa kulia kafika 17, wa kushoto 11 kisha akaanza kulia akisema dada yake anamcheka. Kulwa ambaye hachezi chochote kafika 13. Nifanyeje?

Mwalimu wa Isamilo

Kushoto 11 kwa mtu mwenye pointi za miaka miwili, viatu vinapumzika kwanza. Miezi mitatu ya soksi na viatu laini, kupanda mguu mmoja kila siku kwa idadi anayoweza bila kisigino kupinda, siyo zaidi. Tukipima tena na kushoto kumefika kulia ndipo tunaongea kuhusu pointi, na fuete baadaye sana.

Mlete Jumatatu saa kumi jioni. Aje na jozi zote alizonazo, hata zilizokufa, nataka kuona zimeisha upande gani. Na Kulwa naye mlete, hiyo 13 bila mazoezi siyo ya kuacha ipotee.

Fundi Mabatini

Mwalimu, hiyo Jumatatu saa kumi ni ukumbi ule ule? Basi nakuja Jumamosi asubuhi kupima, kabla hamjaujaza watu. Waambie wenye ukumbi waondoe viti vya harusi, mara ya mwisho nilipima katikati ya viti nikakosea nusu mita.